Bahari Tuliyouziwa

Temeke, Dar es Salaam,
Jumapili, 17 Juni 1956.

Kwa Baba yangu mheshimiwa, Mwalimu Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Baba. Shikamoo ya karatasi haina magoti, lakini ipokee hivyo hivyo, maana mwenye nayo angekuwa hapo Ndala angekupigia magoti mlangoni. Mama naye mfikishie shikamoo yake ya peke yake, asije akasema ameletewa makombo ya salamu zako. Mguu wake unaendeleaje? Kaka Gaudens aliniandikia kwamba sasa anakwenda mpaka kisimani bila fimbo. Nilifurahi, ila namjua Mama, huenda fimbo ameificha tu ili asionewe huruma. Mahindi na uwele mmevuna salama? Na nyuki wa Kaka, bado wako kwenye mizinga ile ya upande wa mbuga, au wamehama tena kwa hasira?

Mimi hapa ni mzima wa afya, namshukuru Mungu. Asali mliyonitumia ilifika na treni, kopo halikuvuja hata tone. Nusu nimekula mimi, nusu ameila mwenye nyumba wangu, Bi. Mwantumu binti Kondo, aliyesema kwamba asali ya Unyamwezi si zawadi bali ni kodi, na kodi haiombwi, inachukuliwa. Utakumbuka ni wewe mwenyewe uliyenielekeza kwake nilipohamishiwa huku kufundisha. Ulisema tu kwamba ni watu uliowafahamu zamani, ulipokuja pwani kutafuta kazi baada ya vita vya Wajerumani, na kwamba ni watu wema. Hukuongeza neno, nami sikuuliza. Leo barua yangu ni ndefu kwa sababu ya hilo neno ambalo hukuliongeza.

Lakini nianze na jambo lililo moyoni mwenu. Kaka aliniarifu kwamba siku ya Pasaka, baada ya misa, ulisimama mbele ya waumini ukatangaza kwamba mwanao Apolinari amepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza, kwenda kusomea digrii ya juu ya historia, na Mama akapiga vigelegele mpaka padre akashindwa kujizuia kutabasamu. Niliisoma barua hiyo nikafunga mlango wa chumba changu nikalia. Theonest, jirani yangu wa chumba cha pili, aliponiuliza nina nini, nilimwambia ni furaha. Haikuwa furaha tupu, Baba. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mwaka jana, shule zilipofungwa, niliandikia vyuo vitatu huko Ulaya. Theonest, ambaye ni Mhaya, karani wa bandarini, alinipigia chapa maombi yote kwa taipureta ya ofisini kwao wakati wa chakula cha mchana, na kila alipokosea herufi alinilaumu mimi. Halafu nikaanza kungoja. Kungoja ni kazi, Baba, tena kazi isiyo na likizo. Sanduku la posta ni la shule, ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana tabia ya kugawa barua akisha kunywa chai. Nimeichukia chai ya mzee yule! Anaipuliza, anaiweka chini, anazungumza, anaichukua tena. Mimi nasimama mlangoni najifanya nimekuja kuomba chaki. Chaki nilizoomba mwaka huu zingetosha kupaka chokaa darasa zima.

Chuo cha kwanza kilijibu kwa adabu kwamba hakina mtu wa kunifundisha historia ya Afrika, kwa kuwa historia hiyo bado haijajulikana. Cha pili kilisema watu wetu hawana historia ya kutosha digrii, wana mila tu, na kama napenda mila niende kwa wanaosoma mila. Barua hiyo niliizungusha mkononi wiki nzima. Kumbe babu zetu waliotoka Tabora mpaka pwani na mizigo begani walikuwa hawaendi popote, walikuwa wanafanya mila njiani! Cha tatu hakikukataa wala kukubali. Profesa wake alitaka nimwandikie insha ndefu, yenye ushahidi niliousikia kwa watu wenyewe, ndipo aamue.

Nikachagua safari za wapagazi wetu. Vitabu vya Wazungu juu ya misafara vinahesabu bunduki na majora ya nguo, lakini havisemi Mzaramo alimwonaje Mnyamwezi alipomwona anateremka na pembe ya ndovu begani. Nikasema shahidi ninaye, tena ananidai kodi. Nikachukua daftari na kalamu nikaenda kukaa uani kwa Bi. Mwantumu.

Huyu mama, Baba, siku ya kwanza niliyoingia nyumbani kwake alinipokea kwa salamu ya kwetu, Mwangaluka, kisha akaniuliza mizigo mingine nimeiacha wapi, maana Mnyamwezi wa mzigo mmoja hajapata kumwona. Akaniita mtumwa wake mbele ya wapangaji wote. Nilikasirika, nikanyamaza. Theonest akaniambia kwamba Wazaramo ndivyo wanavyowatania Wanyamwezi, nisijali. Nikachukulia ni matusi ya kirafiki, nikayazoea, kama mtu anavyozoea mbu. Sikujua zaidi ya hapo. Kwetu wewe ulipiga marufuku utani, ukisema ni mambo ya kipagani, ya watu wanaocheka msibani. Nikatoka mikononi mwako nikaingia mikononi mwa mapadre, kisha Makerere, na kote huko hakuna aliyenifundisha utani ni kitu gani.

Basi nilipomwuliza Bi. Mwantumu babu zetu walifikaje pwani, aliweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akasafisha koo, akanieleza kwa uso mkavu. Alisema kiongozi wa msafara wetu alipoiona bahari mara ya kwanza, kule ufukoni Mbweni, aliyaonja maji, akatema, akauliza ni nani tajiri huyu aliyemwaga chumvi yote hii. Wazaramo wakamjibu kwamba bahari ni yao na wanaiuza. Kiongozi wetu akatoa pembe mbili akainunua yote. Wakamwambia basi alete vyombo vya kubebea. Akaenda kuvitafuta, na mpaka leo, alisema Bi. Mwantumu kwa huzuni, Wanyamwezi hawajarudi kuchukua mali yao, na Wazaramo wamechoka kuwatunzia.

Mimi nikachovya kalamu, Baba! Nikamwuliza pembe zile zilikuwa na urefu gani. Akanionyesha kwa mkono. Nikamwuliza makubaliano hayo yalifanyika zamani za pazi gani, maana wakuu wao waliitwa pazi, naye akanitajia jina. Chumbani nikakaa nikaandika, kwa Kiingereza kizuri, kwamba hadithi hii yaelekea ni kumbukumbu ya mkataba wa kweli, ambao kwa huo wakuu wa Uzaramo waliwapa viongozi wa misafara ya Unyamwezi haki ya kutumia ufuko, kwa malipo ya pembe za ndovu. Chini nikaandika jina la shahidi, binti Kondo wa Temeke. Theonest akaipiga chapa akasema insha ina uzito. Mhaya huyo naye hajui utani wa Mzaramo na Mnyamwezi, angejuaje?

Jibu lilikuja wakati wa Kwaresima. Siku hiyo mwalimu mkuu aliniletea barua mwenyewe darasani, chai akaiacha. Nafasi nimepata, masomo yanaanza mwezi wa kumi. Profesa aliandika kwamba insha nzima ni nzuri, lakini kilichowashawishi wenzake ni ule mkataba wa bahari, ambao hajauona katika kitabu chochote. Nikakuandikieni siku ile ile. Darasa la saba walipata mapumziko marefu kuliko yaliyomo kwenye ratiba.

Juma baada ya Pasaka akafariki Mzee Salumu, mtu wa Tabora, aliyestaafu kazi ya reli, aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwetu miaka mingi. Nilikwenda msibani kama Mnyamwezi mwenzake. Mjane wake alikuwa ameinama tu kwenye mkeka, hasemi, hali, haliangalii hata jicho la mtu. Mara akaingia Bi. Mwantumu na wanawake wengine wa Kizaramo. Amevaa kanzu ya marehemu! Ameshika bakora yake, anakohoa kikohozi chake kile kile, anauliza chai yake iko wapi. Nilisimama nimtoe nje, mzee mmoja akanivuta nikae. Ndipo aliposimama katikati ya ua akawakemea wachimba kaburi, akawauliza kwa nini wanahangaika na mchanga wa watu. Mnyamwezi huyu apelekwe baharini kwake, akasema, babu zake walilipa pembe mbili, kwa nini azikwe kwa kuazima na ana mali yake?

Watu waliangua kicheko. Wazaramo kwa Wanyamwezi, wazee kwa vijana, wote wanaijua hadithi ile. Mjane aliinua kichwa, akacheka kidogo, kisha akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na wanawake wakamkumbatia. Mimi peke yangu nilikaa nimeganda. Ule ulikuwa mkataba wangu. Ndio ulionipatia nafasi.

Nilipomfuata Bi. Mwantumu nyumbani, nilitaka kugomba. Yeye alinishangaa. Alisema mtani akikutupia neno unalirudisha, usiporudisha umekubali kushindwa, na kwamba mwaka mzima alikuwa anangoja nirudishe. Aliponiona naandika na kuuliza urefu wa pembe bila midomo kucheza, aliamini nimebuni utani mpya, wa kalamu, akawasimulia majirani kwamba hajapata kuona Mnyamwezi mkavu kama mimi. Akaniuliza ile karatasi niliifanya nini. Nikamwambia imefika Uingereza na maprofesa wameisifu. Wallahi, alisema, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona uso wangu, akaacha. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameniharibia. Siku hiyo hakuniita mtumwa, aliniita mwanangu.

Theonest alinishauri ninyamaze. Alisema Uingereza ni mbali, Bi. Mwantumu hajui Kiingereza, na bahari haitasimama kizimbani kutoa ushahidi. Nakiri nilimsikiliza siku kadhaa. Nafasi hii nimeitaka tangu Makerere, Baba, nimeitaka mpaka nimeona haya kuitaka namna hiyo. Lakini kila nikisahihisha madaftari ya wanafunzi nawaza kwamba watu wawili wameniandikia kwamba hatuna historia, na kitu cha kwanza nilichompelekea wa tatu ni hadithi ya kuchekesha niliyoivika koti. Na siku moja Mzaramo atakwenda kusoma chuo hicho hicho, atafungua maandishi yangu, atacheka maktabani mpaka wamtoe.

Sasa nafika kwenye lile nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua. Nilimwandikia profesa nikamwambia ukweli wote. Nilimwambia hakuna mkataba wa bahari, kuna utani, nami nikaumeza mzima. Niliitia barua posta peke yangu, bila kumwambia mtu. Kwa hiyo wakati watu wa Ndala wakiwa bado wanakupa mkono wa pongezi, mimi nilikuwa nimekwisha kuulegeza mlango niliofunguliwa. Barua ya Kaka ya kunisimulia vigelegele vya Mama ilinikuta katika hali hiyo, na ndiyo sababu ya machozi yale. Nisamehe kwa kuwaacha mkishangilia. Kila nilipokaa kuwaandikieni mkono ulikuwa mzito.

Alhamisi ya juma lililopita profesa alijibu. Hakukasirika, lakini hakunibembeleza. Alisema alicheka peke yake ofisini, halafu akaacha kucheka alipokumbuka kwamba aliwasomea wenzake ukurasa ule kwa sauti. Nafasi yangu imesimamishwa, haikufutwa. Kamati yao itakaa tena mwezi wa nane. Anataka niiandike insha upya, safari hii niseme utani huu ni nini na ulianzaje baina ya watu wa bara na watu wa pwani, maana huenda hapo ndipo ilipo historia yenyewe. Na anauliza swali moja, ambalo anasema bila jibu lake insha itakuwa na mguu mmoja: ikiwa Wazaramo wanasema waliwauzia Wanyamwezi bahari, Wanyamwezi huwajibu nini?

Nikaenda kwa Bi. Mwantumu nikamwuliza. Alikataa katakata. Alisema jibu lipo, tena kali, lakini ni la upande wetu, na yeye hawezi kushika fimbo ya mtani akajichapa mwenyewe. Nilimbembeleza kwa sukari, nikambembeleza kwa asali ya Kaka iliyobaki. Aliipokea asali, jibu hakunipa. Nikawauliza vijana wa Tabora walioko hapa mjini, hakuna alijuaye.

Jana alasiri aliniita uani. Alisema jibu lile yeye amelisikia kwa mtu mmoja tu, katika ua huo huo, siku aliyofariki baba yake, Mzee Kondo. Mama yake hakuwa ameonja kitu tangu mumewe akate roho. Akaingia kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa mpangaji wao, amejifunga shuka ya marehemu, amejitwika mtungi mtupu, anasema amekuja kuchukua bahari yake. Kisha akawaambia Wazaramo lile neno. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia vizuri, halafu akaomba uji. Bi. Mwantumu alisema kwamba mama yake asingepona bila kijana yule. Aliitwa Mihambo, na Temeke yote haijapata mtani kama yeye, alikuwa akipita njiani watu wanacheka kabla hajafungua kinywa.

Nikamwambia mtu huyo simjui. Akaniambia namjua sana, paji lake la uso ninalo, ila ulimi wake sikurithi.

Baba, nina miaka ishirini na minane na jana ndipo nilipolijua jina lako la kabla ya ubatizo.

Sikuandikii kukulaumu. Najua uliporudi ukabatizwa uliweka mambo mengi chini kwa moyo safi, na mtu anayebeba mzigo mpya hutua wa zamani. Nami sikuombi uache kitu unachokiamini. Nakueleza tu nililoliona kwa macho yangu kwa mjane wa Mzee Salumu, kwamba kile kicheko hakikuwa dharau kwa marehemu, kilimrudishia yule mama pumzi. Nadhani wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana uliwahi kulifanya.

Naomba uniandikie ulichowajibu Wazaramo siku ile. Ukiweza, lifike kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, niliwahishe. Ukiona dhamiri inakukataza, niandikie hivyo tu kwa mstari mmoja, nami nitatii. Nitabaki kufundisha hapa Temeke, na likizo nitakuja nisimame mwenyewe mbele ya waumini niwaambie kwamba aliyekosea ni Apolinari, si baba yake aliyetangaza. Lakini hata kama kamati ya Uingereza isingekuwapo ningekuomba bado. Sikumbuki kukusikia ukicheka, Baba. Nimekuona ukitabasamu, siku ya ndoa ya Kaka. Kucheka sijakusikia, na hapa pwani kuna watu waliokusikia, nami nawaonea wivu.

Nisalimie Kaka Gaudens na shemeji Avelina na watoto wao wote. Mama mwambie kanga aliyoniagiza nimeshainunua. Theonest anawasalimu, anasema taipureta iko tayari. Pamoja na barua hii utakuta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa ukili. Usishangae, ni chumvi ya bahari. Bi. Mwantumu amenikabidhi kwa mikono miwili, anasema hiyo ni sehemu ya kwanza ya mali ya Mihambo, iliyobaki aje mwenyewe na mtungi. Ameapa hafi mpaka ajibiwe tena, na akaongeza kwamba kwa jinsi Wanyamwezi wa siku hizi walivyo wapole, ataishi milele. Nilitaka kumrudishia neno hapo hapo, Baba, nikafungua kinywa, nikakosa la kusema.

Ni mimi mwanao mtiifu, ninayengoja,

Apolinari, mwana wa Mihambo.